Dadu Ilisema Hakusikia

Mchezo niliokuwa nauongoza hauna ubao na hauna mshindi. Watu wanakaa mezani, kila mmoja amejitungia mtu wake: jina lake, alikozaliwa, anachokiogopa. Mimi mwongozaji nawaeleza wako wapi na wanaona nini, wao wananiambia wanafanya nini. Pakifika mahali ambapo hakuna ajuaye kama jambo litawezekana, tunarusha dadu ya pande ishirini. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, umeshindwa. Nilijifunza nikiwa chuo Iringa, kwa msichana niliyekaa naye chumba kimoja, na nilipopata kazi ya kuendesha steshenari hapa Mjimwema, Songea, nilirudi na kitabu cha sheria nilichokitoa fotokopi na dadu saba ndani ya soksi.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Hassani, karani wa chama cha wakulima wa tumbaku kule Namtumbo, aliyekuwa akija mjini kila Jumamosi. Pamela, fundi cherehani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Na Remigi, fundi wa mashine za kusaga, kaka yake Pamela kwa maana ya kwamba mama zao ni ndugu. Remigi alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole, mikono yake haikutoka grisi hata aioshe vipi. Mtu aliyejitungia aliitwa Kandindo, mlinzi wa msafara, na sifa yake kubwa ni kwamba hamwachi mwenzake njiani. Kwa miaka miwili walisafiri katika nchi niliyoitunga mwenyewe, yenye majitu milimani na mji uliozama ziwani, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka jua linapoanza kushuka.

Nilikuwa na sheria moja tu ambayo haikuwa kitabuni. Simu zote zinapangwa dirishani, uso chini, bila mlio. Simu inaua mchezo. Mtu yuko katikati ya pango, mara anajibu habari za mbolea.

Machi mwaka jana mdogo wake Remigi, Justa, alifariki. Alikuwa ameolewa kijiji kimoja cha Madaba, na mimba yake ya pili ilikuwa ya miezi saba. Damu ilianza kutoka akiwa peke yake nyumbani, mume yuko shamba la mbali. Jirani alipomkuta alihangaika kutafuta bodaboda, na kwa mvua ile barabara ilikuwa tope tupu. Hawakufika kituo cha afya. Tulikwenda wote kuzika. Mama yao, mama Severina, alisema msibani kwamba binti yake hakuweza kumpata mtu kwa simu kwa sababu mvua ilikata mtandao. Watu walitikisa vichwa. Mtandao wa huko kila mtu anaujua.

Tulisimama wiki sita, kisha Remigi mwenyewe akasema turudi mezani.

Siku moja ya Juni alikuja dukani kunirekebishia mlango uliokuwa unakwaruza sakafu. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya fotokopi imelala, mteja hakuna. Alipomaliza hakuondoka. Alikaa juu ya boksi la karatasi, bisibisi mkononi.

"Notburga," alisema, "mtandao haukukatika."

Sikuelewa mara moja.

"Justa alinipigia mara tatu. Ilikuwa ile Jumamosi tunavuka mto mchezoni, Hassani amepoteza mtumbwi. Simu yangu ilikuwa imelala dirishani, nikaenda kunywa maji, nikaigeuza kutazama saa. Nikaona jina lake. Nikasema huyu kagombana na mumewe tena, maana kila wiki alikuwa ananipigia niwapatanishe. Nikailaza. Nikarudi mezani."

"Hukujua," nilimwambia.

"Mwenye mashine pale Madaba ana gari. Mimi ndiye ninayemtengenezea mashine yake. Ningempigia simu moja tu."

"Remi, hukujua."

"Mama aliniuliza kama simu yangu iliita. Nikamwambia haikuita, labda mtandao. Yeye akalishika hilo." Alisimama akajipangusa vumbi. "Sijamwambia mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu ulikuwepo."

Hakusema kwamba sheria ya simu ilikuwa yangu. Hakuwa na haja ya kusema. Usiku huo na usiku mwingine mwingi nililala nikiiona ile simu dirishani, na yangu pembeni yake, na mimi nikisimulia kwa sauti nene jinsi maji ya mto yalivyokuwa yanapanda.

Sasa nieleze nilichofanya, na nitakieleza kama kilivyokuwa. Niliandika tukio. Katika daftari langu la mchezo niliandika kwamba msafara unapita kijiji kilichohamwa, mvua inanyesha, na kutoka kisimani sauti ya mwanamke inamwita Kandindo. Atarusha dadu kuona kama amesikia. Nilijiambia namfanyia wema. Watu hutokwa na uchungu kwa kuimba, kwa kuungama, kwa kulewa. Kwa nini asitokwe nao kwa mchezo? Na ukweli mwingine nilioutia mfukoni ni huu: hadithi yangu ilikuwa imepoa miezi hiyo, wachezaji wanapiga miayo, na nilijua tukio hili lingewaamsha.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi ya Songea imekaza, wote tumevaa masweta. Pamela alileta magimbi ya kuchemsha. Nilianza taratibu: nyumba zisizo na milango, majivu baridi mekoni, mvua. Halafu kisima. Halafu nikasema, "Kuna sauti ya mwanamke chini kule. Inamwita Kandindo. Inasema, kaka, njoo. Remi, rusha dadu tuone kama umesikia."

Remigi alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Hata hivyo aliichukua dadu akairusha, ikabiringika mpaka kwenye bakuli la magimbi ikasimama.

"Tatu," alisema Hassani. "Maskini."

"Upepo ni mkali," nilisema, nikimtazama Remigi machoni na kutamka neno moja moja. "Mvua inapiga mabati. Hukusikia chochote. Yeyote angekuwa mahali pako asingesikia. Msafara unaendelea."

Nilidhani hapo atashusha pumzi.

"Nilisikia," alisema Remigi.

Hassani alicheka kidogo. "Ndugu yangu, tatu hiyo. Hukusikia."

"Nilisikia. Niliona jina lake. Nikaigeuza simu nikailaza."

Pamela aliacha kutafuna. "Kisimani kuna simu gani, kaka? Jina la nani?"

Ningeweza kusema kitu. Mwongozaji ndiye anayesimamisha mchezo, ndiyo kazi yake. Nilikaa kimya, kalamu iko mkononi, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilikuwa nataka kusikia atasemaje.

"Justa," alisema. "Siku ile. Alinipigia mara tatu, mimi niko hapa."

"Mama mkubwa alisema mtandao."

"Mimi ndiye niliyemwambia mtandao."

Pamela aligeuka akatazama dirishani, simu zetu nne zimelala pale kama kawaida. Nadhani aliona kwamba yeye pia alikuwepo siku ile, amekaa kiti hichohicho, anacheka mtumbwi wa Hassani. Alinyanyuka, akachukua simu yake na bakuli lake lenye magimbi bado ndani, akaondoka bila kufunga mlango. Remigi alimfuata baada ya muda. Hassani alibaki akiniuliza kumetokea nini, mpaka nikamwambia aende akawahi gari la Namtumbo.

Jumapili, baada ya misa, Pamela alimwambia mama yake mkubwa. Simlaumu. Kitu kama kile huwezi kulala nacho.

Mama Severina hakupiga kelele wala hakuita kikao. Alichofanya ni kuacha kuitikia. Remigi alikuwa akifika asubuhi na mapema kama ilivyokuwa desturi yake, anasema, "Shikamoo mama," na mama anaendelea kuchambua maharage. Alikwenda siku kumi na moja mfululizo. Majirani walihesabu, ndiyo maana najua. Mke wa Remigi alijaribu kumwombea msamaha, akaambiwa asilete tena chakula pale.

Mwezi wa nane nilisikia Remigi amepata kazi ya mashine Tunduru na anahama. Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa anafunga vyuma vyake kwenye gunia, na hakunikaribisha ndani.

"Nilitaka kukupunguzia mzigo," nilimwambia.

"Ulitaka kujipunguzia wewe." Hakupandisha sauti. "Sheria ya simu ilikuwa yako. Ulitaka dadu iseme hatukusikia, mimi na wewe. Haya niambie, ingekuja kumi na nane ungesemaje?"

Nilitazama gunia. Katika daftari sikuandika kitu chochote kwa namba kubwa. Niliandika upepo na mvua tu. Ningesema hakusikia hata dadu ingekuja ishirini.

"Nilijua," alisema. "Nilikuja kwako nisiwe peke yangu. Ukanipeleka mezani nikachezwe." Alifunga kamba ya gunia. "Nenda, Notburga. Nina gari la kuwahi."

Hassani alinipigia simu mwisho wa mwezi, akataka kujua tutarudi lini. Alisema anawajua walimu wawili wangependa kujiunga. Halafu akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba ile siku ya kisima, ukiondoa yaliyotokea baadaye, ndiyo siku mchezo ulipokuwa mtamu kuliko zote. Nilimwambia siongozi tena. Sikumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo, jioni ileile, nikikusanya dadu.

Mama Severina alikuja dukani Oktoba. Nilikuwa natoa nakala za mitihani ya shule moja, na nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele ya meza, kanga begani, kikapu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alinijibu vizuri tu, kama mtu asiye na kinyongo, na mimi niliumia zaidi kuliko kama angenitemea mate. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Pamela ananiambia katika mchezo wako yule binti aliita," alisema. "Kutoka kisimani."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini?"

"Mama, ule ni mchezo. Nilitunga mwenyewe."

"Najua ni mchezo, sijawa mtoto. Nakuuliza alisema nini."

Mashine ilikuwa bado inatema karatasi. Niliizima.

"Alisema, kaka, njoo."

"Basi?"

"Basi, mama."

Aliyarudia yale maneno mawili kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima kitambaa mwilini. Kisha akatikisa kichwa.

"Siyo yeye," alisema. "Justa hata angekuwa anakufa angeanza na salamu. Angeuliza watoto hawajambo. Ndivyo nilivyomlea." Alihamishia kikapu mkono wa pili. "Kwa hiyo hata wewe hujui."

"Sijui, mama. Nisamehe."

"Nilidhani labda Remigi alikueleza kitu. Kwamba alipokea, hata mara moja, akasikia neno."

"Hakupokea."

"Haya." Alirekebisha kanga yake. "Nimekupotezea muda, mwanangu. Endelea na kazi."

Alitoka, akavuka barabara polepole kuelekea upande wa sokoni. Remigi yuko Tunduru mpaka leo, Krismasi hakuja. Pamela amehamisha cherehani yake, na tukikutana njiani tunasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Siku ile nakala za shule zilikuwa mia mbili na themanini, na walimu walizitaka kabla ya saa kumi, kwa hiyo niliiwasha mashine.