Mtihani wa Tatu, Karakana ya Keko

Mwaka jana mimi, Tekla, nilimtimua jini wa Vingunguti kwa ufagio wa chelewa na kelele zangu tu. Wachawi wote wa kidato cha tatu wanajua. Lakini mtihani wa kukaa kimya ulikuwa umenishinda mara mbili, na sheria yake haina huruma: ukifeli mara ya tatu, unabaki na umbo ulilokuwa nalo siku hiyo, maisha yako yote.

Siku hiyo nilikuwa kabati. Kabati la mninga, milango miwili, kioo katikati. Mwalimu Muntasir alitugeuza fanicha asubuhi, akatupanga kando ya barabara pale Keko, mbele ya karakana ya fundi Anselmo. "Mpaka adhana ya adhuhuri," akasema. "Atakayetoa neno, amefeli." Kisha akaenda kunywa chai. Mwalimu gani huyo!

Cyprian alikuwa kitanda, Shaima meza. Wateja walitugonga mbavu, wakatuvuta droo. Mmoja alimkalia Cyprian akala muhogo wa kukaanga mpaka akamaliza. Tulivumilia. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Ndipo akaja bibi mmoja na mkongojo wake, Bi Chausiku, anatafuta kabati.

"Shikamoo bibi!" kitanda kikaropoka.

"Marahaba, baba."

Jamani! Cyprian hakukusudia. Ulimi wa mtoto wa Temeke ukiona mvi unajiendea wenyewe. Meza nayo ikadakia, kisha viti sita, kisha kochi. Bi Chausiku akaitikia mmoja mmoja bila kushangaa. Kwa wenzangu ilikuwa mara ya kwanza, wangerudia tu. Mimi nikabana bawaba zangu, kijasho cha vanishi kikanitoka.

Akasimama mbele yangu. Akanitazama toka juu mpaka chini, akasubiri.

"Na hili, mbona kimya? Au kwao hakuna mama wa kulifunza?"

Nikamkumbuka mama anavyodamka kukaanga vitumbua, anavyonifinya sikio kila nikimpita mtu mzima bila salamu. Hasira zikanipanda. Aseme lolote, lakini si mama yangu.

"Shikamoo bibi!" nikasema, milango yote wazi.

Uchawi ukanitoka palepale, nikabaki kabati. Nilitaka kulia, nikakuta sina machozi.

Mwalimu Muntasir aliporudi alishika kichwa, akampigia mama simu. Mama akaja mbio, mikono imejaa unga, akakuta Bi Chausiku keshaelewana bei na fundi, kaita kirikuu cha mizigo na vijana wananinyanyua wanipakie. Akanikumbatia. Mikono haikutosha kunizunguka, lakini hakuniachia.

"Shikamoo mama. Nisamehe, hili haliuzwi. Ni mwanangu."

Bi Chausiku aliwaashiria vijana wanishushe.

"Marahaba," akasema. "Mchukue. Umelea."