Nili Begani mwa Kaoruko

Usije ukadhani kumpaka poda mwanasesere ni kazi ya kitoto. Wanasesere wa karakana ya Isogai wana kimo cha mwanamke mzima na uzito wa gunia la mchele, na ngozi yao ya mpira laini ina maringo kushinda ngozi ya bibi harusi. Ukiisugua, inachubuka. Ukiiacha bila poda msimu wa mvua, inanata na kuokota kila unywele na kila vumbi la chumbani. Unamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, unamkausha kwa kumgusagusa na taulo, unangoja akauke kila kikunjo, ndipo unashika brashi. Hatsuyo alikuwa ameishika brashi hiyo kwa miaka kumi na tisa, na mji mzima wa Kawaguchi haukuwa na mtu wa kumfikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwambia hivyo.

Wateja walikuwa wa kila namna, wapole na wakorofi, lakini moyoni mwa Hatsuyo alikuwemo mmoja tu: Bwana Tsukuda, dereva wa treni mstaafu, mgane wa miaka sitini na mitatu. Kila mwaka mvua zikikatika alimleta Kaoruko, mwanasesere wake, kwenye kiti cha nyuma cha gari, amemfunga mkanda kama mtu. Kisha alivuta kigoda, akapewa chai ya shayiri yenye barafu, akakaa saa mbili nzima akipiga soga huku Hatsuyo akipitisha brashi. Walizungumza nini? Treni, bei ya matango, magoti yanayouma. Basi! Lakini Hatsuyo, aliyeachika akiwa na miaka thelathini na minne, alikwenda saluni siku moja kabla ya kila ujio huo, na mwaka mzima alizihesabu zile saa mbili. Hatsuyo alimwonea Kaoruko gere, ndiyo, kwa kuwa ndiye aliyerudi nyumbani na yule bwana. Ila Kaoruko hakuwa na ulimi wa kumkera mtu, basi wakavumiliana miaka minane.

Mwaka huu Bwana Tsukuda alifika Jumanne asubuhi, akamshusha Kaoruko, akamwamkia Hatsuyo macho chini, na kuondoka. Kigoda hakukigusa. Chai ilibaki mezani, barafu ikiyeyuka.

"Nagisa!" bosi Isogai aliita. "Huyu ni wako. Atachukuliwa Ijumaa."

Hatsuyo alidhani masikio yake yana nta. "Wa Nagisa? Bosi, Kaoruko ni wangu mimi. Tangu lini akaguswa na mtu mwingine?"

"Mteja mwenyewe ndiye aliyeomba."

"Aliomba nini hasa?"

"Kwamba safari hii ampake poda Nagisa, wewe usimguse. Bi Hatsuyo, usinikazie macho hivyo, nami nimeambiwa tu."

Nagisa alikuwa na miaka ishirini na sita, na karakana ile aliijua kwa miezi mitano tu. Alikuwa na shingo ndefu, na vidole ambavyo havijawahi kupasuka kwa sabuni. Alipoanza kumpaka Kaoruko poda, aliimbaimba kwa sauti ndogo, na Hatsuyo upande wa pili wa meza akaona hata huo wimbo ni dharau. Kumbe miaka minane alikuwa anamchekea mzee ambaye akiona kasichana kapya anasahau chai! Alipotazama mikono yake mwenyewe, yenye mabaka mekundu ya miaka ya maji na sabuni, alitaka kuificha chini ya aproni.

"Bwana Tsukuda ni mpole sana, eti?" Nagisa alisema bila hata kunusa hatari. "Jana kwenye simu alinishukuru mpaka nikaona haya."

"Hata kwenye simu mmeongea," Hatsuyo alisema. "Hongera."

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hatsuyo hakungoja kukonda.

Bwana Tsukuda alikuwa ameacha mfuko wa karatasi, na ndani yake yukata mpya kabisa, lile vazi la kiangazi, ya rangi ya nili iliyokolea, yenye maua meupe pindoni. Sasa, katika kazi hii nguo mpya ya rangi nzito ni adui. Rangi yake huhamia kwenye ngozi ya mpira, inazama, na ikishazama hakuna sabuni wala mafuta ya kuitoa. Kwa hiyo nguo hufuliwa kwa chumvi na siki mara tatu, kisha husuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikitoka safi, ndipo mwanasesere anavalishwa. Mfuaji wa karakana ile alikuwa Hatsuyo.

"Bi Hatsuyo, hii yukata tayari?" Nagisa aliuliza Jumatano. Ilikuwa inaning'inia, imepigwa pasi, inapendeza.

"Nimeifua mara tatu, mwanangu. Mvalishe tu."

Nagisa alinyoosha mkono kuchukua kitambaa cheupe.

"Unanikagua?" Hatsuyo aliuliza. "Mimi?"

Msichana alishtuka, akainamisha kichwa, akaomba radhi mara mbili. Mdogo hamkagui mkubwa wake wa kazi, kwao hilo halijadiliwi. Alikirudisha kitambaa, akamvalisha Kaoruko ile yukata.

"Mkanda ukaze," Hatsuyo aliongeza. "Ubane vizuri."

Tena kwa joto lile la Julai, siku mbili nzima.

Ijumaa Bwana Tsukuda aliingia amevaa suti nyeusi, ameshika shada la maua. Hatsuyo akanusa ubani. Kile chumba cha nyuma, ambamo wanasesere wanaorudishwa na wenyewe huagwa kabla ya kuondolewa, kilikuwa wazi na kimefagiliwa.

"Nani anaagwa leo?" aliuliza.

"Kaoruko," Isogai alijibu. "Nilikatazwa kukwambia."

Kabla hajakusanya akili, Bwana Tsukuda alisimama mbele yake, akainama sana, na alipoinuka masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mvulana.

"Bi Hatsuyo, unisamehe kwa Jumanne. Mimi ndiye niliyeomba usipewe kazi hii. Ningekaaje pale kunywa chai yako, wewe unampaka poda, nami najua nimekuja kumrudisha? Tena namrudisha kwa ajili yako. Nilitaka nimuage kwanza kwa heshima, awe safi, avae nguo mpya. Halafu nije kwako, nikuulize kama kesho utakubali kwenda nami mtoni kutazama fataki."

Lo! Miaka minane mtu analingoja neno, na linakuja siku hiyo. Hatsuyo alifungua mdomo, lakini aliyepiga kelele ni Nagisa.

Alikuwa anamnyoosha Kaoruko ukosi. Bega lote lilikuwa la buluu. Walipolegeza mkanda, kiuno nacho kilikuwa kimezungukwa na buluu, iliyozama barabara kila mahali kitambaa kilipobana.

"Nagisa!" Isogai alifoka. "Hukukagua nguo?"

Msichana alipiga magoti, paji la uso likagusa sakafu. "Sikukagua. Ni kosa langu." Hakumtaja mtu.

"Vua aproni. Nenda nyumbani, na Jumatatu usije."

Hatsuyo alikuwa na njia nyepesi, tena ilikuwa wazi kabisa. Angenyamaza tu. Nagisa angeondoka, Kaoruko angeagwa na doa lake, na kesho yeye angesimama ukingoni mwa mto na mwanamume aliyemtamani miaka minane. Vijiti vitatu vya ubani viliendelea kutoa moshi. Nagisa alikuwa anahangaika na fundo la aproni, analia bila sauti.

"Mwache," Hatsuyo alisema. "Ni mimi. Nilimwambia nimeifua, na sikuifua. Kitambaa nilimkataza mimi. Nilijua kitakachotokea."

Bwana Tsukuda alimgeukia. "Kwa nini?"

"Wivu. Nilidhani umempenda yeye."

Bora angefoka. Bwana Tsukuda aliliweka shada la maua chini polepole, huku Isogai akimwashiria Nagisa afunge aproni yake tena.

"Nilikuwa nimrudishe akiwa mzima," alisema. "Mke wangu alipokufa, huyu ndiye niliyekuwa namuaga asubuhi na kumwamkia jioni. Angekuwa safi ningeweza kumwacha hapa. Sasa ameumizwa kwa ajili yangu, nami nimtupe na doa lake? Siwezi, Bi Hatsuyo. Nitarudi naye."

"Na fataki?" Hatsuyo aliuliza. Aibu ilikuwa imeshakwisha.

"Zinaonekana hata dirishani kwangu."

Alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akakivuta kile kigoda. Lakini hakukaa mahali pa kunywea chai. Alikaa kando ya Kaoruko, akanyoosha mkono apewe brashi.

"Nifundishe," alisema. "Kuanzia leo nitampaka mwenyewe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hatsuyo akampa brashi, akamwonyesha jinsi ya kuikung'uta ili poda isizidi, jinsi ya kuanza nyuma ya sikio na kuteremka shingoni, jinsi ya kupita juu ya lile doa bila kusugua. Mzee alikuwa mwepesi wa kujifunza. Hakukosea ila mara moja, na Hatsuyo alipotaka kumshika mkono amwelekeze, aliusogeza kidogo na kurekebisha mwenyewe.

Alipomaliza aliuliza poda ile inauzwa wapi. Hatsuyo akamtajia duka, kisha akachukua kalamu na kumwandikia njia ya kufika.