Isiyo na Mwenyewe Itoke Nje

Hapana, mbovu haikuwa. Kila anayesikia habari hii anauliza hivyo hivyo, eti kompyuta ilikuwa mbovu? Ilikuwa nzima kama mimi na wewe. Shida yake moja tu, ukiiwasha haiamki peke yake. Inaamka na ukoo mzima.

Yule mkamwana aliikuta hivyo alipoolewa. Ni kompyuta ya kukunja, mali ya mumewe, lakini mume dereva wa lori, barabara inamjua kuliko kitanda chake, na kitu kikiachwa sebuleni kwenye nyumba ya watu wengi kinakuwa cha wote. Baba mkwe alisimama getini uwanja wa mpira akikagua tiketi mpaka akastaafu, mtaa mzima unamwita Mzee Geti. Yeye alikuwa na programu yake ya matokeo ya mechi, inajifungua na kupuliza filimbi. Mama mkwe alikuwa na yake ya kumkumbusha dawa ya presha. Shangazi, dada mkubwa wa Mzee Geti, alikuwa na sauti ya mwanamke inayosoma hali ya hewa ya miji ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuikanyaga. Na wifi, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa na yake ya urembo. Ukikaa mbele ya kamera inakuvisha taji la maua na masikio ya sungura. Zote ziliwekwa ziwe zinajiwasha zenyewe mashine inapowaka, maana kwenye nyumba ile anayesubiri kuitwa ni mgeni. Mwenyeji haitwi.

Basi ukibonyeza kitufe, filimbi inalia, yule mwanamke anatangaza mvua za mbali, dawa inakumbushwa, maua yanatafuta kichwa cha kukaa, zote zinabanana mlangoni kwa pamoja, na mashine yenyewe inakoroma kama lori la mchanga kwenye mlima. Unaweza kufua, ukaanika, ukarudi, bado.

Siku za kawaida nani anajali. Lakini asubuhi hiyo mkamwana alikuwa anaomba kazi. Fundi cherehani huyo, mkono wake mwepesi, ila tangu aolewe kazi zake zilikuwa kupunguza suruali za majirani na kubadilisha zipu. Kiwanda cha sare kilikuwa kinatafuta mkataji. Mama mwenye kiwanda alisema atampigia saa nne, kwa picha, amwone. Akasema pia kwamba yeye hapigi mara mbili. Na simu ya mkamwana ni ile ya vitufe, ya kusikia tu. Kwa hiyo ni kompyuta, au arudi kwenye zipu.

Saa moja aliiwasha. Saa mbili na nusu bado inapuliza filimbi. Akampigia mumewe, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili mikono ibaki huru, na hapo ndipo alipoharibu.

"Rahisi, mke wangu," mume akasema huku lori linanguruma. "Fungua pale pana orodha ya programu zinazojiwasha. Zima zote zisizo za lazima."

Ukoo wote ulikuwa pale pale sebuleni. Shangazi akatua kikombe chake pole pole.

"Muulize," akasema, "asiye wa lazima ni mimi au mama yake?"

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni mume mwenyewe, hilo tumwachie Mungu.

Mkamwana akabaki na kidole juu ya kompyuta. Orodha anaiona, kila jina lina kidude pembeni, unagusa tu linazimika. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa, umzimie mkwe wako kitu chake mbele ya macho yake? Si bora umwambie ainuke kwenye kiti ukikalie. Akarudisha kidole.

"Baba," akasema, "naomba mnisaidie. Hazifukuzwi. Zinalala tu. Mwenyewe akiitaka yake, anakuja anaiamsha kwa mkono wake."

"Kwa hiyo ni usingizi," Mzee Geti akasema.

"Ni usingizi, baba."

"Yangu haijazoea kulala asubuhi," Shangazi akasema. "Mimi mwenyewe silali asubuhi."

"Dada, wewe unalala asubuhi, mchana, na mtu akiongea."

"Nafumba macho. Kufumba macho ni kulala?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa na chakula jikoni na hakuwa na muda wa mabaraza, akasema yake ilale, dawa atakumbuka kwa kichwa, kama haikumbuki basi presha yenyewe itamkumbusha. Hilo likamwaibisha Mzee Geti, akailaza filimbi yake. Shangazi akailaza ya kwake mwisho, kwa sharti kwamba ikiamka na kukuta mvua imeshanyesha, lawama si yake.

Wifi akagoma.

"Mtu anakwenda kuomba kazi, si anajipamba?" akauliza. "Wifi yangu aende na uso mtupu hivyo? Watasema katoka nyumba gani?"

Hapo wote wakakubali. Hata mkamwana, alivyokuwa amechanganyikiwa, aliona kuna maana. Maua yakabaki.

Sasa Mzee Geti akavaa miwani, akasogea kwenye kioo, akapitisha kidole kwenye orodha kama alivyokuwa anapitisha kwenye mistari ya mashabiki. Akakuta moja bado ipo, ina jina refu la kizungu na alama ndogo kama tarumbeta.

"Hii ya nani?"

Wakatazamana. Mama mkwe si yake. Shangazi akaapa. Wifi akasema hajawahi kuiona. Mkamwana akasema labda ya mumewe, lakini mume alipopigiwa tena hakupokea.

"Uwanjani kila msimu nilikuwa nawakamata," Mzee Geti akasema. "Mtu yupo ndani, amekaa kabisa, ukimuuliza umeingia na nani, kimya. Isiyo na mwenyewe itoke nje."

Akagusa. Ikatoka.

Wakaizima mashine, wakaiwasha upya, na nakwambia iliamka kama imemwagiwa maji. Hakuna filimbi, hakuna mvua, kioo cheupe, safi, tayari. Shangazi akasema haya ndiyo maisha. Mkamwana akafunga kitambaa vizuri, akakaa, maua yakapata kichwa, na saa nne kamili picha ya mama wa kiwanda ikatokea, mwanamke mnene, mita ya kupimia shingoni, mdomo unakwenda.

Mdomo unakwenda, lakini sauti haipo.

Mkamwana akasalimia. Mama wa kiwanda akaweka kiganja nyuma ya sikio. Mkamwana akasalimia kwa nguvu. Shangazi akasalimia pia, akidhani ni suala la nguvu, majirani wakaitikia. Wapi. Ile isiyo na mwenyewe ndiyo iliyokuwa imebeba sauti ya mashine nzima, ya kutoka na ya kuingia. Haikuwa ya mtu kwa sababu ilikuwa ya wote.

Mkamwana alielewa papo hapo, akamtazama mkwewe, mkwewe akatazama dari. Kuirudisha ni mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya, na hiyo ni kukata simu, na yule mama hapigi mara mbili.

Chini ya kioo yakatokea maandishi. "Sikusikii. Swali langu moja. Mkono wa koti usiovuta kwapani, unaukataje?"

Kwa kuandika, mkamwana ni mtu wa kidole kimoja. Mpaka amalize neno koti, yule mama ameshazeeka. Akanyanyuka, akavuta shuka la mama mkwe lililofunika kochi.

"Baba, samahani, simama hapa."

"Mimi?"

"Simama, baba, nyoosha mgongo. Mama, nishikie shuka hili. Wifi, pini."

Na Mzee Geti, aliyekuwa akisimamisha maelfu, akasimamishwa. Mkamwana akampima kwa shubiri, begani, kwapani, kiwiko, akatandika shuka mezani pembeni ya kompyuta, akachora kwa kipande cha sabuni na kukata bila kurudia. Mama mkwe alisikia mkasi ukipita kwenye shuka lake zuri, akameza mate, akaendelea kushika. Mkono ukabandikwa kwa pini mwilini mwa mzee. Mkamwana akampeleka mbele ya kamera.

Mama wa kiwanda akafunika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Anacheka nini?" Mzee Geti akauliza.

"Amefurahia mkono," mkamwana akasema, maana kwenye kioo baba mkwe wake alikuwa na waridi kichwa kizima, na kila akigeuka, masikio ya sungura yanageuka naye.

Maandishi yakaja. "Bibi harusi anyanyue mkono."

"Baba, anasema unyanyue mkono."

Akaunyanyua kama alivyokuwa anazuia umati, kiganja mbele, mpaka juu. Shuka halikuvuta. Mama wa kiwanda akaacha kucheka. Akasogeza uso karibu na kioo chake, akaonyesha kwa kidole, chini, nyuma, zungusha. Mkamwana akamzungusha mzee. Chini ya kwapa palikuwa na mkunjo mdogo. Akang'oa pini mbili, akaziweka upya, akamnyanyua tena mkono. Hakuna mkunjo.

Yule mama akakaa anatazama. Sebule nzima inamtazama yeye. Ndipo akaandika, na wifi akasoma kwa sauti kwa sababu mkamwana hakuthubutu: "Jumatatu saa mbili, njoo na mkasi wako. Mzee abaki nyumbani."

"Kwa nini nibaki?" Mzee Geti akasema. "Kiwanda hakina geti?"

Mkamwana alikuwa ameinamia meza, uso umo ndani ya vipande vya shuka, na Shangazi anampiga piga mgongoni akisema basi, basi mwanangu, utaloanisha kitambaa. Mama mkwe akakunja kilichobaki cha shuka lake, akaifunga kompyuta na kuitia kabatini, akasema kama kuna mwingine anataka kuamka, kulala au kutoka nje afanye hivyo akiwa ameshiba. Akaleta sufuria. Wifi akaleta sahani. Mzee Geti akavuliwa mkono pini moja moja, na wote wakakaa, wakala.