Funguo Mbili kwenye Kamba Moja

Kila aliyeingia kwenye chumba cha miale aliingia na ufunguo wake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale, na haikujali mkubwa wala mdogo. Nje ya mlango kulikuwa na ubao wa chuma wenye matundu, kila tundu na mwenyewe. Ukichomoa ufunguo wako ukautia mfukoni, mashine haiwaki, hata uibembeleze. Ukitoka unaurudisha na kuuzungusha. Funguo zote zikisharudi, taa ya kijani inawaka, maana yake ndani hakuna mtu.

Sasa, kulikuwa na mke na mume waliofanya kazi pale, nao walikuwa na utaratibu wao. Mume aliitwa Sahau, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake, baada ya kurudi nyumbani siku moja amevaa kandambili za mpira za kuingilia chumba cha miale, viatu vyake vimebaki kazini, asijue kitu mpaka mkewe alipomwambia atazame miguu yake. Ufunguo alikuwa ameshaupoteza mara mbili. Meneja akamwambia akiupoteza tena, na yeye aende akapotee nao. Ndipo mkewe, ambaye watu walimwita Kumbuka ili kumtania mumewe, alipozifunga funguo zao mbili kwenye kamba moja na kuzitia kwenye mfuko wa aproni yake. Wakiingia, yeye anachomoa zote mbili. Wakitoka, yeye anarudisha zote mbili. Matundu yao yalipakana, kwa hiyo kamba ilifika bila shida.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa wifi yake, dada wa Sahau, ambaye ndiye aliyekaa chumba cha uendeshaji huko juu ya ngazi.

"Kaka yangu umemfanya begi," alimwambia. "Unambeba tu."

"Nikimtua ataibiwa," Kumbuka akajibu, wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Mashine yenyewe haikuwa dude la kutisha kwa kulitazama. Ililetwa juu ya lori moja, na watu waliokuja kushangaa waliondoka wamenuna kwamba hakuna cha kushangaa. Ndani yake kulikuwa na chupa ya madini iliyopoozwa kwa baridi ambayo hakuna barafu inayoifikia, na katika baridi ile umeme ulipita bila kukwama wala kupotea kwa joto. Humo vichembe visivyoonekana kwa macho vilisukumwa mpaka vikapata mbio za ajabu, kisha vikamwagwa juu ya maji machafu yaliyotandazwa membamba kama shuka. Maji hayo yalitoka kiwanda cha jirani cha kutia vitambaa rangi. Yaliingia mekundu au ya buluu, siku nyingine meusi kama wino, yakatoka meupe, sumu yake imevunjwavunjwa, ndipo yakaruhusiwa kwenda mtoni ambako watu wa chini wanateka. Lakini miale ile haikujua tofauti ya sumu na mtu. Ndiyo maana chumba kilijengwa kwa zege nene, na mlango wake ulikuwa wa zege pia, ukiteleza kwenye reli taratibu kama konokono.

Siku hiyo, kabla ya chakula cha mchana, pua ya kutandazia maji ilikuwa imeziba kwa nyuzi za vitambaa. Wifi akazima miale, mtambo wa baridi akauacha unaendelea, na Kumbuka na mumewe wakavua viatu mlangoni, wakavaa kandambili, wakaingia. Kumbuka alichomoa funguo zote mbili kama kawaida. Walifanya kazi vizuri. Sahau alikuwa msahaulifu wa vitu, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi kwelikweli. Alilegeza pua kwa spana, akaichambua nyuzi moja moja kama mtu anayesuka nywele za mtoto, akairudisha.

"Mimi natangulia," alisema. "Mgongo umekufa. Naenda kuunyoosha nje."

Kumbuka alimwona akielekea mlangoni. Yeye akabaki kufanya ukaguzi wa mwisho, yaani kuzunguka chumba na kubonyeza vitufe vilivyowekwa pembeni ili kuthibitisha kwamba kila kona imetazamwa. Alipomaliza alitoka, akaufunga mlango, akazungusha ufunguo wake, akazungusha na wa mumewe. Taa ya kijani ikawaka. Akabadili viatu bila kuangalia kando, maana akili yake ilikuwa kwenye chupa za kupimia maji alizoziacha juu, akapanda ngazi.

"Mmemaliza?" wifi akauliza, macho hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta.

"Tumemaliza. Funguo zimerudi."

"Na kaka yangu?"

"Katangulia. Atakuwa kantini huko, anaunyoosha mgongo kwa chai."

"Umemwona akitoka?"

"Wifi, nimezunguka chumba kizima. Ulitaka nimtafute na ndani ya mabomba?"

"Mimi nauliza tu, mama. Usinitoe roho." Wifi alivuta kiti. "Bwawa la kungojea limejaa pomoni na wale jirani bado wanamwaga tu. Likifurika mtoni tutajibu sisi. Chukua chupa zako, nawasha."

Kumbuka akachukua chupa na kushuka. Njia ya kwenda kwenye bomba la kutolea maji ilipita mbele ya mlango wa zege. King'ora cha onyo kilikuwa kimeshaanza kulia na taa ya manjano inazunguka juu ya mlango. Kililia hivyo kila siku kabla ya miale kuwashwa, naye alikuwa amekizoea kama watu wanavyozoea majogoo.

Kwenye rafu ya viatu, viatu vya Sahau vilikuwa pale pale.

Kumbuka akasimama. Mwanzoni alitaka kucheka, maana alidhani mumewe amekwenda tena na kandambili. Hilo lingewezekana kabisa. Lakini lingewezekana pia lile lingine, na lile lingine lilimpanda kutoka miguuni kama maji baridi. Je, alitoka kweli? Alimwona akielekea mlangoni. Hakumwona akivuka. Na ubao haukuweza kumsaidia, kwa sababu ubao ulisema Sahau katoka, na aliyeuambia ubao hivyo ni yeye Kumbuka.

"Baba!" aliita, kama alivyomwita nyumbani. King'ora kikaimeza sauti.

Simu ilikuwa mwisho wa korido. Ngazi zilikuwa mbali zaidi. Karibu yake, ukutani, kulikuwa na kitufe chekundu chini ya kifuniko cha kioo. Kila mtu alifundishwa juu ya kitufe hicho, na kila mtu alikiogopa, maana kilikata umeme wote pasipo kuchagua. Kilikata miale, taa, pampu, hata mtambo wa baridi. Na baridi ile ikishatoroka, kuirudisha ni kazi ya leo mpaka kesho jioni. Bwawa limejaa. Kiwanda cha jirani kingelazimika kusimama, watu warudishwe majumbani, na yote hayo pengine kwa ajili ya mwanamume aliyekaa kantini anakunywa chai na kandambili mguuni. Wangemcheka mpaka uzeeni mwake.

King'ora kilikatika.

Baada ya king'ora hubaki pumzi chache tu, mwendeshaji anabonyeza. Kumbuka alizitupa chupa, akavunja kifuniko kwa kiwiko na kupiga kitufe kwa kiganja.

Giza likaanguka. Na katika giza kukaja ukimya ambao hakuwahi kuusikia pale, kwa sababu mtambo wa baridi uliokuwa ukigonga twi, twi, twi tangu ulipoletwa, ulikuwa umenyamaza.

Wifi alishuka ngazi mbio na tochi mkononi.

"Ni nini?"

Kumbuka alionyesha viatu.

Wifi aliviangalia mara moja tu. Bila umeme mlango ule ulifunguliwa kwa gurudumu la mkono, nao walilishika wote wawili wakaanza kuzungusha. Lilikuwa gumu, na kila mzunguko mlango ulisogea kama unaona haya.

"Ulibonyeza?" Kumbuka akauliza.

"Zungusha."

"Wifi, nakuuliza. Ulibonyeza?"

"Nilibonyeza," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Kioo kikazimika kidole kikiwa bado pale pale. Sijui kilichotangulia. Zungusha, dada, usiniulize tena."

Walizungusha. Jasho lilimwingia Kumbuka machoni, naye hakulipangusa. Alikuwa akimtazama mumewe kichwani mwake, akielekea mlangoni, na alijaribu kumwona akivuka kizingiti, akajaribu tena, na kila mara picha ilikatika kabla ya kizingiti.

Mlango ulipoacha nafasi ya kupita mtu mmoja, alijitupa. Wifi akamdaka kwa kamba za aproni.

"Kipimo kwanza."

"Niache."

"Sikuachi. Nikiwapoteza wawili nitamwambia nini mama?"

Akapenyeza mkono wenye kipimo kidogo cha miale kwenye ule ufa. Kikagonga polepole, tiki, kimya, tiki, kama kinavyogonga popote hata ukikiweka mezani. Ndipo akaiachia aproni.

Sauti ilitoka chini, kwenye shimo lililo chini ya pua ya maji.

"Nani kazima taa? Spana nilishaipata, sasa imeniponyoka tena."

Tochi ilimwangukia. Alikuwa amepiga magoti, vikinga masikio kichwani, mkono mmoja kwenye mfereji mpaka begani. Alipowaona wanawake wawili wamesimama juu yake, alivua vikinga masikio taratibu.

"Niliisahau spana," alisema. "Nikarudi. Wewe ulikuwa kule pembeni unabonyeza vitufe, nikakupita. Nilidhani umeniona."

Kumbuka alikaa chini, pale pale kwenye zege lenye maji.

Lakini hayakuwa yameisha. Kila mtu pale alivaa beji kifuani, na beji ndiyo ilikuwa shahidi wa kile ambacho mwili haukukisikia. Kifaa cha kuisomea kilikuwa juu na kilitumia betri. Walipanda wote watatu. Wifi aliingiza beji ya kaka yake, kifaa kikaikataa, maana aliiingiza kichwa chini miguu juu. Akaitoa, ikamwanguka. Kumbuka akaiokota, akaiingiza yeye. Kioo kidogo kikafikiri. Sahau alianza kusema kitu cha kuchekesha, akaona nyuso zao, akakimeza.

Namba ilipotokea, wifi aliisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti. Ilikuwa ya kawaida, sawa na ya mtu yeyote aliyeshinda ofisini.

"Safi," alisema, akageuka kuwaelekezea mgongo.

Meneja aliwakuta hapo. Alikuwa ameshapigiwa simu na kiwanda cha jirani, na suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini kwa kukagua bwawa.

"Nani kapiga chekundu?"

"Mimi," Kumbuka akajibu.

"Bwawa limesimama kidole kimoja chini ya ukingo. Jirani wamefunga mifereji, wanawarudisha watu nyumbani. Mpaka kesho jioni hatuna mashine. Kwa nini?"

Akamweleza. Hakuficha. Akashuka kuitoa ile kamba ubaoni alikoiacha, akarudi akaiweka mezani na funguo zake mbili, akasema nani alizifunga na kwa nini.

Meneja hakugombeza, na hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Umeokoa mtu ambaye wewe ndiye uliyemfungia," alisema mwishowe. "Sijui nikushukuru au nikufukuze, kwa hiyo leo sifanyi lolote kati ya hayo. Ila ninyi wawili hamtaingia chumba kile pamoja tena, maisha. Mmoja anahamia mabwawani. Nani?"

Wote wakamtazama Kumbuka, kwa mazoea. Hata Sahau alimtazama. Kumbuka alikuwa na jibu tayari. Alijua mumewe anavyoipenda ile pua ya maji, anavyoichambua. Angesema ni yeye atakayehama, na angeanza kumpangia mumewe namna ya kushika ufunguo.

"Mimi," Sahau akasema.

Kumbuka akageuka.

"Nahama mimi," mumewe aliendelea, akimwambia meneja. "Nilimpita mgongoni nikaona inatosha, kwa sababu siku zote ananiona. Mtu akishafikia hapo, asiwe karibu na mashine kama ile. Na huko mabwawani nikisahau spana, itaota kutu tu, basi."

Wifi akacheka cheko moja fupi lililokaribia kilio.

"Basi chukua buti ushuke sasa hivi," meneja alisema. "Maji hayatungojei."

Sahau akafika mlangoni, akasimama. "Buti za mabwawani zinakaa kabati lipi?"

Kumbuka alilijua kabati, na hata rafu aliijua. Neno lilishafika kwenye ulimi. Akalishika hapo, akakaza mikono chini ya kwapa.

"Tafuta," dada yake alimwambia.

Akaenda. Wakamsikia kwenye korido akifungua kabati la kwanza, akilifunga, akifungua la pili.