Paji la Uso la Primus Mdogo

Jumapili ile Mzee Primus alivaa koti lake la kuendea harusi, ingawa safari yake ilikuwa ya kutoka chumbani hadi sebuleni tu. Mjukuu wake wa kwanza, aliyepewa jina lake kama ilivyo desturi, alikuwa amezaliwa Ujerumani. Picha yake ilifika kwao Rau ndani ya mkoba wa sista mmoja, kwenye sidii ambayo sista aliiviringishia soksi zake mwenyewe za sufu ili isikwaruzike njiani. Hilaria, mke wa mzee, alizifua soksi zile kabla ya kuzirudisha.

Mkwe wao Margareta alikuwa ameteremka kutoka Kibosho na mbege, pombe ya ndizi, ya kutosha. Yeye ndiye mama wa Doris, mke wa mtoto wao Jacob. Mambo yote yalipangwa: mzee angemtazama mtoto usoni, angemwita kwa jina lao wote wawili, ndipo kata ya kwanza inywewe. Bila hivyo, mzee alisema, jina lingebaki la kwenye cheti tu.

Hilaria alikunja hadi juu kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akaiwasha. Jacob aliinunua kwenye duka la Nisreen mjini kabla hajasafiri, na Doris ndiye aliyemfundisha mama mkwe wake kushika kipanya. Tangu hapo Hilaria alikuwa akiandika barua zake humo, kwa kidole kimoja, bila haraka. Alitumbukiza sidii, akabonyeza. Picha ikafunguka.

Lilikuwa paji la uso. Paji kubwa, linalong'aa, na nyuma yake pazia la maua.

"Paji la kwetu hilo!" Margareta akadakia.

"Na mengine yako wapi?" mzee akauliza.

Hilaria akavuta ule ufito wa pembeni ya picha. Paji likapanda juu likapotea, likaja jicho na nusu ya pua. Akavuta tena, kikaja kidevu.

"Kitoe kabisa hicho kitambaa, mkwe," alishauri Margareta. "Kinambana mtoto."

Kikatolewa. Kidevu kikabaki kidevu.

Mzee akakaa chini. "Siwezi kumwita mtu kwa vipande. Kwani hii ni nyama ya mgao?"

Alicheka aliposema hivyo, lakini Hilaria aliiona kofia ya mzee ikizungushwa magotini, ikizungushwa tena. Alimjua mumewe. Kofia ile ilizunguka hivyo siku Jacob alipopanda ndege. Akachukua simu, akapiga namba iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta.

Nisreen alikuwa nyumbani kwa mama yake, wanakula. Sauti za sahani zilisikika, kisha zikafifia. Alikuwa ametoka nje ili amsikilize vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa chakula chako. Mjukuu wangu haenei kwenye kioo."

Nisreen hakucheka. Aliuliza kama herufi nazo zilikuwa kubwa, kama kila kitu kilikuwa kikubwa. Ndiyo, kila kitu.

"Basi kompyuta ni nzima, mama. Wewe unafuma vitambaa, sivyo? Niliviona ulipokuja dukani. Ukifuma ua kwa uzi mnene, linakuwaje?"

"Linakuwa kubwa, linamaliza kitambaa."

"Na kwa uzi mwembamba?"

"Linaenea, na nafasi inabaki." Hilaria akakigeukia kioo. "Kumbe kioo changu kimefumwa kwa uzi mnene!"

"Ndiyo hivyo. Picha inaundwa na vitone, na hapo kwako ni vichache na vikubwa. Tunaviongeza."

Hilaria alihitaji mkono wa kushika kipanya na mwingine wa kushikilia meza, kwa hiyo Margareta alisimama nyuma yake akamshikia simu sikioni. Wakaenda hatua kwa hatua, mpaka wakakifikia kijimshale cha kusogeza kutoka kidogo kwenda zaidi. Hilaria akakisogeza. Lakini kitufe cha kukubali hakikuonekana. Nacho kilikuwa kimezama chini ya ukingo wa kioo, kama kidevu cha mtoto.

"Usikitafute, mama. Bonyeza Enter."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Margareta akaguna, "Mama yangu, tumemuua!" Kisha kikarudi, na katikati yake akaonekana mtoto mzima, kichwa na mashavu na ngumi mbili, akiwakunjia uso kama anawadai.

Margareta akapiga vigelegele, simu ikiwa mkononi. Mzee akainuka, akaiweka kofia kando. "Tumshukuru Mungu kwanza. Kwa jina la Baba..." Wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Mzee alishukuru kwa ajili ya mtoto, wazazi wake, sista na soksi zake, na mvua.

Walipofumbua macho, paji la uso lilikuwa limerudi.

"Mama, mlijibu lile swali?" Nisreen akauliza. "Inauliza kama ibaki hivyo. Inasubiri sekunde kumi na tano tu. Msipojibu inadhani hamwoni kitu, inarudi ilikotoka."

"Tulikuwa kwenye sala, mwanangu."

"Amina. Turudie."

Mara ya pili swali Hilaria aliliona vizuri. Akageuka. "Baba Jacob, inauliza ibaki hivi?"

"Muulize mgeni kwanza," alisema mzee.

"Mimi? Hapana, mbe Primus, mwenye mji ni wewe," Margareta akajibu, akimwita "mbe" kwa heshima.

"Lakini mgeni ndiye..."

Paji likarudi.

Sasa Nisreen alicheka, akacheka mpaka akaomba radhi. "Mama, mashine haina heshima hata kidogo. Bonyeza, halafu ndiyo muulizane."

Mara ya tatu kioo kilipowaka, Hilaria hakugeuka wala hakuuliza. Alibonyeza, kisha akafunika mdomo kwa kiganja, maana tangu aolewe hakuwahi kukata shauri la nyumba ile mbele ya mgeni bila kumuuliza mtu.

"Umekubali peke yako?" mzee akauliza.

"Peke yangu."

"Umefanya vema," alisema mzee. Akasogea hadi pua ikawa karibu kugusa kioo. Paji lilikuwa la Kibosho, hakubisha. Lakini masikio yale mawili, yaliyosimama kama vipini vya sufuria, hayakuhitaji shahidi. Akayagusa ya kwake.

"Primus," akaita. "Primus, mimi ni Primus. Karibu nyumbani."

Nisreen alikuwa bado kwenye simu. "Mama, herufi sasa zitakuwa ndogo kwako. Aliyeweka zile kubwa hakukosea, aliziweka makusudi, kwa ajili ya mtu wa macho hafifu. Njoo kesho nikuonyeshe namna ya kukuza herufi bila kumkata mtoto."

Hilaria akakumbuka jioni moja kabla ya safari, Doris akiwa amepiga magoti mbele ya meza hii, masanduku hayajafungwa. *Nimekurekebishia kidogo, mama*, ndivyo alivyosema tu. Na kweli, tangu siku ile Hilaria hakukunja tena uso kusoma barua zake. Alidhani ni miwani.

"Mkwe," akamwambia Margareta, "ulinilelea binti." Margareta alimminya tu bega, kwa ule mkono uliochoka kushika simu.

Mbege ikamiminwa. Walikuwa katikati ya kata ya pili, wakibishana kuhusu pua, kioo kilipozimika ghafla.

"Imeharibika tena!" Margareta akaruka.

Hilaria alinyoosha mkono kukigusa kipanya, lakini mzee akamzuia, akaweka kidole mdomoni.

"Mwacheni," akanong'ona. "Amelala."