Kitambaa Getini

Ignace alikuwa amejikunja sakafuni, meno yakigongana, blanketi limelowa jasho. Tangu juzi hakuwa amevuta nyaope, ule unga wa kulevya. Dada yake, Emérite, alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Ukarudi wote.

"Dada, niue tu."

"Nikikuua nani atamaliza uji wangu mbaya? Vumilia. Nesi anakuja."

Aliamini hivyo. Akina mama walikuwa wameandamana mpaka miguu ikavimba, na sheria ikapita: wauza nyaope wafungwe, wagonjwa watibiwe. Ndivyo walivyoelewa. Kanisani Mama Brigitte, Mkongo wa Bukavu ambaye binti yake naye anavuta, alisema, "Si kwetu ukiona matawi mlangoni pa wafiwa unaingia bila kuuliza? Basi, mwenye mgonjwa afunge kitambaa getini. Wauguzi watajua pa kuingia."

Emérite alichana kitenge alichoachiwa na marehemu mama yao. Barabara nzima pale mtaani Bellevue ikapepea vitambaa.

Gari lilipounguruma nje, alikimbia kufungua mwenyewe.

"Karibuni, karibuni! Yuko ndani."

Wakashuka polisi wawili. Emérite alichungulia nyuma yao.

"Nesi yuko wapi?"

"Nesi ni mimi, sisi," alisema yule mnene, akimwita dada kwa lugha ya huko, mwenzake akacheka.

Walimpekua Ignace palepale sakafuni. Mfukoni mwa suruali mkatoka kikaratasi chenye vumbi la nyaope, la kulamba tu. Wakamfunga pingu.

"Afande, huyu mgonjwa! Anayewauzia yule pale!"

Ng'ambo ya barabara, kwenye geti jeusi lililopakwa rangi mpya, Pandu alikuwa amekaa kitini, anamenya chungwa. Aliwapungia polisi mkono. Mnene akampungia.

"Eish, sisi. Mbona pale hakuna kitambaa?"

Ignace aliburutwa bila viatu. Mlangoni mwa gari aligeuza shingo.

"Dada, ni wewe uliyewafungulia?"

Mlango ukabamizwa.

Emérite alikifungua kitambaa chake, akakimbilia geti la jirani. Fundo lilikuwa limekazwa na mvua, kucha zikateleza, akaling'ata kwa meno. Gari likampita taratibu, likasimama mbele, kwa Mama Brigitte.

"Mama Brigitte! Usi—" Kitambaa kilimjaa mdomoni.

Mama Brigitte alikuwa tayari getini, amevaa kitenge chake cha kanisani, akivuta komeo kwa mikono miwili.

"Karibuni," alisema. "Tumewangoja sana."