Godoro la Hafsa

Mzee Jabiri alipochomeka sindano ya magunia, godoro lililia. Akaichomoa upesi, akatega sikio juu ya kitambaa. Humo ndani, kwenye sufi aliyoichambua mwenyewe mbegu moja moja, kitu kilikuwa kinalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Alichungulia kwenye mdomo wa godoro. Vitoto viwili vya kindi, vyekundu, macho yamefumba, vimelala pale hasa patakapowekwa kichwa cha mjukuu wake Hafsa.

Kosa lilikuwa lake. Wiki mbili aliliacha godoro wazi bandani akingoja sufi ya mwisho ikauke, na hapa Kwaluguru kindi mwekundu hajui hodi. Anaingia jikoni, anaonja muhogo wako, kisha anakutazama kana kwamba mgeni ni wewe.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Shangazi za bwana harusi walikuwa njiani na gari kuchukua vyombo vya Hafsa, na walishasema wazi: godoro la babu lisipokuwa tayari, watapitia Handeni mjini wanunue la dukani. Neno hilo lilimuuma. Nusu ya kijiji imelalia magodoro ya mkono wake, halafu damu yake mwenyewe ikalalie sponji?

"Babu Hafsa, vitoe uviweke kikapuni," alisema mkewe, Bi Hajira.

"Nikivigusa mama yao atavikataa. Atavihamisha mwenyewe."

"Na wageni?"

"Watanikuta."

Mama kindi alikuwa juu ya paa la banda, anachapa mkia, anamtukana kwa lugha yake. Jabiri alisogeza kigoda mbali, akatulia. Kindi akashuka, akaingia, akatoka na mtoto mmoja mdomoni, akapotelea juu ya msufi. Bado mmoja. Hapo hapo honi ikalia, gari likaingia uani.

Bi Maryamu, shangazi mkubwa, ndiye aliyetangulia kushuka.

"Shikamoo, mzee. Tumelifuata godoro."

"Marahaba, mama." Jabiri alitafuta uongo wa kumtosha mgeni, akaukosa. "Godoro lina mtoto."

Bi Maryamu alimkazia macho, kisha akainama kuchungulia. Alikaa hivyo muda mrefu. Jabiri aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Ndipo mabega ya yule mama yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Njooni mwone," aliwaambia wenzake. "Bibi harusi hajalilalia, watoto wameshazaliwa humo. La dukani litatupa haya?" Akamgeukia dereva. "Zima gari, baba. Tunasubiri."

Mkeka ukatandikwa, chai ikaletwa, na wanawake waliokuja kupiga vigelegele wakawa wananong'ona. Jabiri alitunga uzi kwenye sindano, akaishika mkononi bila kuitumia.

Jua lilikuwa limeshainama kindi aliporudi. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja, akaingia godoroni. Alipotoka na mzigo wake mdomoni alikata katikati ya mkeka, na Bi Maryamu akaikunja miguu yake taratibu, kumpisha.